Waliofua Harufu

6 Februari

Kwa Sindano, mwanangu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta umeshiba na umevaa sweta. Sisi tu wazima. Goti la baba yako limerudi. Yeye anasema ni uzee, mimi nasema ni ubishi, maana haliumi mpaka nimtume. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama huko uliko wanaume wanasali. Nimemwambia aulize swali lake vizuri, anachotaka kujua ni kama umepata mchumba. Usimjibu yeye, nijibu mimi.

Udobi unakwenda. Pasi ya mkaa nimeistaafisha, sasa natumia ile ya umeme uliyoninunulia, na kila mteja nimemwambia imetoka kwako. Nimewaambia pia habari ya maonyesho yako ya huko ng'ambo. Wenye mashuka wamesikia, wenye kanzu wamesikia, hata yule mzee anayeleta soksi tu amesikia. Kipaza, jirani yetu, nilimwambia mara moja asubuhi, na kufika adhuhuri nikasimuliwa habari hiyohiyo na mtu nisiyemfahamu, imeshaongezwa ndege na rais.

Wakiniuliza umetengeneza nini, nawaeleza hivi. Ukiona nimekosea, nisahihishe. Nawaambia: ninyi nyote mlisoma chuo cha Kurani mkiwa wadogo kwamba maji hukaguliwa kwa mambo matatu, rangi, ladha na harufu. Sasa kile kijito cha nyuma ya msikiti, tangu kiwanda cha kutia vitambaa rangi kianze kutapikia humo, hata kisima cha msikiti kimeharibika. Imamu akasema hatutawadha tena kwa maji yale, kwa sababu yamepoteza jina la maji. Ndiyo maana baba yenu huyu mnamwona anakwenda kusali na birika mkononi kama muuza kahawa. Basi binti yangu akachukua maneno ya Imamu akayafanya vitambaa vitatu.

Rangi ni vile vipande ulivyoviunga, kila kimoja kimeloweshwa wiki yake, kimoja buluu, kimoja chekundu, kimoja kama nyongo. Hapo watu hucheka, maana sisi tunaoishi hapa tunajua mtindo wa nguo za mwakani kabla ya matajiri, tunausoma kijitoni. Ladha ni kile ulichokishonea vifuko vidogo, ukatia ule ukoko unaoganda chini ya birika. Na Harufu ni mtandio wangu wa kusalia.

Hapo natulia kidogo ili wanitazame.

Mimi ndiye niliyeuloweka msimu mzima wa joto, nimeufunga kwenye jiwe, nikauanika haujakamuliwa, nikaurudisha tena. Ulinikataza nisiufue. Mimi, dobi, nimekaa na nguo inanuka ndani ya nyumba yangu, wateja wanakunja pua, nami nimefunga mikono. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama hiyo ya kutofanya kitu.

Niandikie vimeangikwaje, na watu wamesema nini. Hasa cha tatu.

Mama yako, dobi mkuu

*

18 Machi

Kwa Mama,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi mzima, sweta ninalo, mchumba sina. Mpe Baba pole ya goti na umwambie asibebe birika likiwa limejaa.

Maonyesho yalifunguliwa. Chumba ni kikubwa, kuta nyeupe, sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga, hivyo watu hutembea kama wanaonyemelea kitu. Rangi wameiangika ukuta wa kushoto. Wameitazama sana. Mwanamke mmoja aliniuliza nilitumia rangi ya kampuni gani, nikamwambia sikununua rangi, ilikuja yenyewe. Hakuelewa, akadhani natania. Ladha wameiwekea kioo, kwa kuwa siku ya kwanza mtoto alipitisha ulimi kwenye kifuko kimoja, mama yake akapiga kelele, na mkuu wa nyumba hii ya maonyesho akaogopa kushtakiwa. Nilifurahi, Mama. Yule mtoto peke yake ndiye aliyeingia akafanya kilichotakiwa.

Baridi inaanza kupungua. Nimepata chumba karibu na kazini, dirisha linatazama ua wenye baiskeli nyingi mbovu.

Msalimie Kipaza na mpe pole kwa ndege.

Wako, Sindano

*

3 Aprili

Kwa Sindano,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, na mara ya tatu nimempa baba yako anisomee kwa sauti, nikidhani labda macho yangu yameruka mstari. Hayakuruka. Umenieleza Rangi, umenieleza Ladha. Harufu umeiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nikamuuliza baba yako, huyu mtoto amesahau? Akasema labda karatasi ilimwishia. Nikamwonyesha karatasi, nusu ya chini ilikuwa tupu. Akasema labda posta ilikuwa inafungwa. Baba yako anakutetea kama wakili asiyelipwa.

Mimi ni mama yako. Nilipokuwa nakuuliza nani amevunja kikombe, ulikuwa unanieleza habari za sahani. Sasa nakuuliza kwa herufi kubwa. HARUFU IMEANGIKWA WAPI NA WATU WAMESEMA NINI. Kama wameziba pua, niambie wameziba, nitafurahi. Ndivyo ulivyotaka.

Na nina sababu ya kuuliza, si umbea. Mtaa umeandika malalamiko. Tunataka serikali ilete watu wa kupima maji, na kiwanda kinasema maji ni mazuri, ni macho yetu ndiyo yenye rangi. Ofisi ya serikali imetuitishia kikao na wenye kiwanda mwezi ujao. Imamu amesema kazi yako ni ushahidi, kwa kuwa imesafiri, na kitu kilichosafiri huheshimiwa kuliko sisi tuliobaki. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mtandio wangu hauwezi kusema uongo.

Shangazi yako ameshasikia kwamba mchumba huna. Amefunga kula mchana mmoja kwa ajili yako.

Mama

*

22 Aprili

Kwa Mama,

Shikamoo. Kazi ni nyingi, naandika kwa haraka. Nakutumia ukurasa wa gazeti la huku. Picha ni ya chumba chetu, na mwenye koti jeusi ni mimi. Wameandika vizuri.

Kuhusu kikao, nadhani ni bora mtegemee maneno ya Imamu na ya wakazi. Sanaa ni sanaa tu, Mama. Watu wa ofisi hawaielewi.

Wako, Sindano

*

20 Mei

Kwa Sindano,

Salamu ziko mlangoni, zitaingia nikimaliza.

Gazeti lako lilipofika nililibandika ukutani kwenye chumba changu cha kupigia pasi, juu ya meza, mahali ambapo mteja hawezi kupokea nguo bila kuliona. Lugha yake siijui, lakini picha yako naijua. Niliona mtandio kwa nyuma yako ni mweupe. Nikasema ni taa. Nikajiambia wapiga picha hupiga taa kali, hata shangazi yako kwenye picha ya harusi alitoka mweupe.

Sasa nakwambia kilichofanyika kikaoni. Ukisoma usimame, kwa maana na mimi nilisimama.

Tulikaa kwenye darasa la shule, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Afisa wa kiwanda alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Amevaa shati nililolipiga pasi mimi, kola yake ningeweza kuitambua gizani. Imamu alieleza habari ya kisima, akaeleza vizuri. Kipaza akaeleza vipele vya wajukuu zake. Mzee wa soksi akaeleza mbuzi wake waliokufa. Karani wa ofisi anaandika, anaitikia kwa kichwa, nikaona leo tumeshinda.

Ndipo afisa akafungua mkoba akatoa lile gazeti, limekuzwa kama bango. Dereva wake huja kwangu kuchukua mashati. Alilipiga picha ukutani kwangu, nami siku hiyo nikamshikia upande uliokunjamana ili litoke vizuri.

Afisa akaniuliza kwa adabu kabisa kama mtandio ule ni wangu. Nikasema ni wangu. Akaniuliza kama niliuloweka kwenye kijito cha nyuma ya msikiti. Nikasema msimu mzima, nikajipiga kifua. Akauliza kama nilitia sabuni. Nikasema hata tone, muulizeni Kipaza. Kipaza akaapa. Yaani alinifunga kamba mimi mwenyewe nikimshikia ncha.

Halafu akasoma. Amelitafsirisha. Gazeti limeandika kwamba vitambaa viwili vya kwanza vina hasira, lakini cha tatu, ambacho kimekaa ndani ya maji yaleyale, kinang'aa kama alfajiri, na kwamba msanii anatuambia maji yamejisafisha na imani imeshinda. Akakunja karatasi yake. Akasema, "Haya si maneno ya kiwanda. Ni ya binti yenu wenyewe."

Watu walicheka, Sindano. Si wale wa kiwanda, wa kwetu. Kile kicheko cha mtu aliyechoka kuzisikia sifa zako. Imamu akasema harufu haionekani kwenye picha. Afisa akamjibu kwamba na usafi nao si dhambi. Karani akaweka kalamu chini. Wameandika kwamba malalamiko yamesimamishwa mpaka upatikane ushahidi mpya. Baba yako alichukua birika lake akatoka.

Sasa mtaani naitwa Mama Alfajiri. Mtu akileta shuka ananiambia, dada, niloweshee kijitoni ling'ae. Wahenga walisema mwosha huoshwa, sikujua walikuwa wanasema kuhusu nguo.

Mimi nimefua tangu sijabalehe. Mtandio ule niliufunga kwenye jiwe kwa mikono hii, na ulipotoka hapa ulikuwa na rangi ya maji ya pua na harufu ya betri iliyopasuka. Haukujing'arisha ndani ya meli. Mtu ameufua. Tena ameupiga pasi, nimeona mkunjo kwenye picha, na ameupiga vibaya.

Nina maswali matatu. Nani aliufua? Wewe ulijua lini? Na kama ulijua, kwa nini ulisimama mbele yake na koti jeusi ukacheka na mpiga picha?

Usinitumie gazeti.

Mama

*

14 Juni

Nimekwenda posta. Hakuna kitu.

Mama

*

9 Julai

Kwa Mama,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Uliniuliza maswali matatu. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana, kwa kuwa kila nilipoanza nilijikuta naeleza habari za sahani.

Aliyeufua ni mtunza vitambaa wa nyumba hii. Ana glavu nyeupe na anaheshimika. Nilikuwa nimewaandikia kwamba hakuna kitambaa cha kusafishwa. Walipofungua kasha wakaona Rangi, wakaona ndiyo niliyokusudia. Wakaona Ladha, vilevile. Walipofika kwenye mtandio wakasikia ile harufu, wakadhani umeoza safarini. Hawakusoma jina lake, Mama. Au walilisoma wakadhani ni jina tu. Wakaufua kwa upole mkubwa, kwa dawa za gharama, siku nzima.

Nilijua asubuhi ya ufunguzi. Niliingia nikauona umening'inia, mweupe kama yai. Mkuu wa nyumba alinishika mkono, ana furaha, akaniambia, "Tulikaribia kuupoteza. Tumekuokolea."

Nikasema asante.

Hilo ndilo jibu la swali lako la tatu. Nilisema asante. Watu walikuwa wanaingia, kulikuwa na maua, jina langu limeandikwa ukutani kwa herufi ndefu kuliko mimi. Niliogopa kwamba nikisema neno moja wataviondoa vyote, nami nitarudi kuwa yule msichana wa matambara. Kisha wakaupenda ule mweupe kuliko vyote. Kila aliyekuja alisimama hapo, ananiambia ana amani. Nami nasimama karibu nao kama mtu anayepokea rambirambi huku akiambiwa hongera.

Kuna jambo jingine ambalo sikutaka kuliandika. Ule mtandio, chini ya harufu ya kijito, ulikuwa bado na harufu yako. Mafuta yako ya nywele, na pasi. Kabla sijaukabidhi kwao nilikuwa naukunjua chumbani kwangu kila nikirudi kazini. Hilo nalo limefuliwa.

Barua yako ya Mei niliisoma nimesimama, kama ulivyoniambia. Nilikwenda kwa mkuu wa nyumba nikamtaka aandike chini ya mtandio kwamba umefuliwa. Alisikitika kweli, si mtu mbaya. Akasema wataandika "kimehifadhiwa". Nikasema kimefuliwa. Akasema neno hilo litamvunjia heshima mtunza vitambaa. Nikamwambia mama yangu ni dobi, kwetu kufua si tusi, tusi ni kuficha. Akaniambia pia kwamba walikuwa wamekusudia kuvinunua vyote vitatu vikae hapa daima, na kwamba mgogoro haufai. Tulivutana juu ya neno hilo moja mwezi mzima. Ndiyo sababu posta hukukuta kitu.

Jumamosi iliyopita niliitwa kuzungumza na wageni, chumba kimejaa. Mtu akaniuliza ule weupe una maana gani. Nikasema hauna maana yoyote, ulifuliwa kwa makosa, na kwamba mahali mtandio huo ulikotoka watu wanaumwa ngozi, na kwamba weupe huu sasa unatumiwa kuwanyima maji. Bibi mmoja mzee akasema kwa uchungu kwamba nimemharibia kitambaa chake. Alisema hivyo, chake.

Vimeteremshwa vyote vitatu. Onyesho la mwakani nalo wamelifuta. Nimeweka kwenye bahasha hii maelezo yangu na saini, na barua ya mtunza vitambaa. Yeye alikubali kuandika "nilifua". Alilia kidogo. Mpelekeeni karani. Vitambaa navileta kwa posta.

Usiniambie kama umenisamehe. Niambie kama karani amepokea.

Wako, Sindano

*

27 Agosti

Kwa Sindano, binti yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, marahaba, na za mwezi uliopita zipokee zote. Goti la baba yako limepona lenyewe siku ile barua ilipofika, alikimbia nayo mpaka msikitini bila birika.

Karani amepokea. Alisoma, akapindua, akasoma nyuma ambako hakuna kitu. Akasema kweli huu ni ushahidi mpya, ila ni wa kwamba nguo imefuliwa, si kwamba maji ni mabaya. Imamu akamuuliza ushahidi wa maji mabaya ni upi kama si maji. Akasema wapimaji wataitwa kwa utaratibu. Sindano, nilitaka kumpa ya kumtosha, baba yako akanikanyaga mguu. Sisi tunanawa kwa mabirika, wajukuu wa Kipaza wanajikuna mpaka damu, na utaratibu bado unavaa viatu.

Na nyumba yenu hiyo ya kuta nyeupe nina neno nayo. Yule bibi anasema kitambaa chake! Kichwa kilichosujudu ni changu, kijito changu, mtoto wangu, na hasira ni zangu. Chake ni macho tu, na hata hayo hakuyatumia. Nikipata anwani yake nitamwandikia kwa lugha yetu, atatafuta wa kumtafsiria kama alivyofanya afisa.

Yule wa glavu, msalimie. Ameandika "nilifua". Dobi mwenzangu huyo.

Vitambaa vilifika Jumatatu. Mtandio nimeuchukua, nausalia, ni mwepesi sana sasa, umekuwa kama wa mtu mwingine, lakini utanizoea. Rangi na Ladha nilivitazama nikawaza ukuta wa kuviangika, nikakumbuka sisi hatuna ukuta wa namna hiyo. Basi Jumanne nilichukua kamba yangu ndefu ya kazi, nikaifunga kwenye miti miwili mbele ya lango la kiwanda, upande wa barabara ambao si wao. Mlinzi akaja mbio ananiuliza nafanya nini. Nikamwambia, naanika. Akasema hapa si mahali pa kuanika. Nikamuuliza ameona wapi sheria inayomkataza dobi kuanika. Akakuna kichwa akarudi kibandani.

Kipaza alikuja na shuka lake, limelala kijitoni usiku kucha. Akalitundika bila kulikamua. Mzee wa soksi akaleta soksi. Waliokuwa wananiita Mama Alfajiri wakaja na mapazia, vitambaa vya meza, nepi. Kufikia Alhamisi kamba zilikuwa nne, na harufu, mwanangu, ungelia kwa furaha. Hakuna aliyecheka. Watoto walipita wameziba pua, nami nikawaambia zibeni, ndivyo binti yangu alivyotaka, ameshaharibikiwa na onyesho la ng'ambo kwa ajili ya pua zenu. Nimejisifu sana wiki hii. Baba yako ameniacha.

Ijumaa asubuhi gari la afisa likaja. Mashati yake siku hizi anayapeleka kwingine. Barabara ni nyembamba, ilibidi dereva apunguze mwendo apite katikati ya kamba, mashuka yanagusa bodi. Afisa alikuwa amekaa nyuma, dirisha wazi, anasoma karatasi. Akainua uso. Alitutazama wote tulivyosimama, Imamu, Kipaza, baba yako, mimi na mtandio wangu kichwani.

Kisha akafunga dirisha.

Akalifunga lote, mwanangu, mpaka juu, na joto lile. Mtaa mzima umeona.

Mama yako

Shangazi yako anasema sasa umekuwa mkali, mchumba hatapatikana. Nimemwambia afunge tena.